Shoferi akisema "freni inakamata", gari isitoke

Namna ya kutafuta ugonjwa wa freni yenye haiachilie gurudumu, namna ya kuutengeneza, na mambo yenye komite ya koperative inapaswa kupanga mbele gari iingie barabara.

Kwa kawaida ninawaandikia hapa juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Leo ninaandika juu ya gurudumu moja la kamyo. Sababu yake ni muzigo wenye tuliharibu musimu wa mvua wenye ulipita, na shoferi mumoja mwenye alikatwa mushahara juu ya kosa lenye halikuwa lake.

Koperative moja yenye ninasindikiza ilikuwa imejaza kamyo yake ndogo ku vijiji vya baridi, upande wa Kyondo: viazi chini, kabichi juu. Wamama wanunuzi walikuwa wanatungoja ku soko ya Beni. Tulipofika Butembo, shoferi alishuka, akazunguka gari, akanusa gurudumu la mbele la kushoto. Akatuambia: "Hii volani inanivutaka ku kushoto, hata sikanyage freni. Na janti iko moto. Freni inakamata. Tupitishe gari mu garaji kwanza."

Musimamizi wetu alimujibu: "Muze, tufike kwanza Beni. Tutaangalia wakati wa kurudia." Na miye, agronome, nikaongeza yangu: "Kabichi haingoje." Shoferi alinyamaza, akapanda.

Ku muteremuko wa Kabasha moshi ukaanza kutoka ku lile gurudumu. Shoferi aliweka vitesi ya chini, akatafuta fasi ya sawa, akasimama. Konvoyeri, kijana mwenye roho muzuri, alikimbia na bidoni ya maji ya baridi, akamwanga yote ku tamburi. Tulisikia "ta!" Tamburi ilipasuka. Na giza ilikuwa inaanza kuingia. Kila mutu mwenye anatumia barabara ya Butembo na Beni anajua namna roho inakuwa wakati gari inakufa njiani saa kama hiyo. Sina lazima ya kueleza zaidi.

Tulilala kwa watu wema. Asubui tulilipa kamyo ingine, tukahamisha magunia kwa mukono. Kabichi zilikuwa zimepata joto usiku muzima, na wanunuzi walizikata bei. Ku Beni fundi alifungua gurudumu, akatuonyesha ugonjwa wenyewe: fleksibo, ule mupira mufupi wenye kupitisha mafuta ya freni. Ulikuwa umevimba ndani. Nje ulionekana muzima.

Mu mukutano wenye ulifuata, komite ilisema shoferi ameharibu gari. Ndiyo maana ninaandika.

FRENI INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta mu silinda kubwa, ile mafundi wanaita metresilinda. Mafuta yanapita mu mabomba ya chuma, kisha mu fleksibo, mupaka ku gurudumu. Kule yanasukuma pistoni, na pistoni inakandamiza garnitiri ku tamburi, ao plaketi ku diski. Gurudumu linapunguza mbio.

Ukitosha muguu, mafuta yanapaswa kurudi, na resori zinavuta garnitiri nyuma. Freni inakamata wakati kitu fulani kinakataza kurudi huko: mafuta yanafungwa njiani, ao chuma imeshika kutu, ao resori imechoka, ao kamba ya freni ya mukono haiachilie.

Watu wengi wanasema: "Freni yenye inakamata ni afazali kuliko gari isiyo na freni." Ni kosa kubwa, kwa sababu ya kwanza inazaa ya pili. Gurudumu lenye linakwaruza njia yote linapata moto, na moto unaingia mu mafuta ya freni. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanavumilia joto la digri 205 mbele ya kuchemka. Lakini mafuta ya freni yanakunywa maji yenye iko mu hewa, na yakikunywa maji, uwezo huo unashuka mupaka karibu digri 140. Yakichemka, yanafanya mvuke. Mvuke unakandamizika kama puto. Basi shoferi anakanyaga, pedali inaenda mupaka chini, na hakuna kitu. Tena inatokea ku muteremuko, maana ni pale freni inatumika sana.

ALAMA ZENYE ZINAKUJA MAPEMA

Wazee wa Beni wenye walilima robusta wanakumbuka trakeomikoze. Muti mumoja unaanza kukauka, mutu anasema ni jua tu. Anapokuja kuukata na kuuchoma, mingine iko tayari mugonjwa. Gurudumu pia linaanza na alama ndogo:

– Gari inavuta upande mumoja hata haukanyage freni.
– Janti moja iko moto sana kuliko zingine.
– Kuna harufu ya kuungua, sawa nguo yenye imeachwa chini ya pasi.
– Ku fasi ya sawa, ukitosha vitesi, gari inasimama haraka, haiteleze yenyewe.
– Gari inakunywa mafuta mingi na inakosa nguvu ku mupando, hata kama motere iko muzima.
– Pedali inakuwa juu na ngumu, ao kisha safari ndefu inakuwa laini kama sifongo.

Shoferi ndiye anasikia alama hizi wa kwanza, sawa vile mwenye shamba anaona jani la njano mbele ya agronome kufika.

KUTAFUTA UGONJWA

Hatunyunyize dawa mbele ya kujua mududu. Ku freni pia, usinunue kitu mbele ya kujua ni nini inakamata. Fuata mupango huu.

Kwanza, tafuta ni gurudumu gani. Tembeza gari kilometa chache ku fasi ya sawa bila kutumia freni sana, kisha iache isimame polepole. Karibisha kiganja ku kila janti, lakini usiguse. Lenye joto yake inazidi zingine ndilo linakamata.

Pili, hakikisha. Weka gari ku udongo wa sawa na mugumu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yenye hautanyanyua. Nyanyua gurudumu na kriki, kisha tia gogo nguvu chini ya chasi. Kriki peke yake inaweza kuteleza, na mutu asiingie chini ya gari yenye imekamatwa na kriki tu. Tosha freni ya mukono, weka vitesi ku nyutro, zungusha gurudumu kwa mukono. Sauti ndogo ya kukwaruza si kitu. Lakini kama unasukuma kwa nguvu ao halizunguke, umelipata.

Tatu, jiulize: ni gurudumu moja, mawili ya nyuma, ao yote?

Kama ni YOTE, ugonjwa uko juu, karibu ya pedali. Pedali inapaswa kuwa na muchezo kidogo mbele ya kuanza kusukuma. Kama haina, metresilinda inabakia imekandamizwa, na mafuta hayarudi. Ao mutu alitia mafuta ya motere mu kopo ya freni, na mipira ya ndani imevimba.

Kama ni MAWILI YA NYUMA, angalia kamba ya freni ya mukono: udongo na kutu vinaishika ndani ya ganda lake. Lakini mufahamu: ku kamyo nyingi ndogo za aina ya Canter, freni ya mukono haiko ku magurudumu. Iko ku tamburi ndogo nyuma ya bwate ya vitesi. Kama ni yenyewe inakamata, joto na harufu vitatoka chini katikati ya gari. Mutafungua magurudumu yote mane bure.

Kama ni MOJA TU, ugonjwa uko ku gurudumu lile: fleksibo imejifunga ndani, pistoni imeshika kutu, resori imevunjika, garnitiri imekazwa kupita kipimo, ao udongo umejaa na kukauka.

KIPIMO CHA VISE

Hiki ndicho kipimo chenye fundi wa Beni alitufundisha, na hakiombe mashini. Kinafanywa wakati gurudumu limepoa na limenyanyuliwa.

Mutu akanyage pedali mara tatu, aachilie. Gurudumu likikamata, fungua kidogo vise ya kutosha hewa, ile ndogo yenye iko nyuma ya gurudumu. Weka kopo chini, na ulinde macho.

1. Mafuta yanaruka na gurudumu linafunguka: mafuta yalikuwa yamefungwa njiani. Ugonjwa ni fleksibo ao metresilinda.

2. Gurudumu halifunguke: mafuta hayana kosa. Ugonjwa ni chuma: pistoni, resori, garnitiri ao kamba.

Kama ni jibu la kwanza, funga vise, kanyaga tena mupaka gurudumu likamate. Sasa legeza kidogo muungano wa bomba ya chuma pale inaingia mu fleksibo, upande wa metresilinda. Gurudumu likifunguka, mafuta yalikuwa yamefungwa juu: metresilinda ndiyo mugonjwa. Likiendelea kukamata, mafuta yamefungwa ndani ya fleksibo yenyewe. Ndiyo ilikuwa yetu. Kisha kipimo hiki, kaza kila kitu, ongeza mafuta, na utoshe hewa. Mutu asiendeshe gari mbele ya kumaliza kazi hiyo.

Kamyo kubwa zenye kutumia freni ya hewa ziko tofauti. Kwa zile nyingi, hewa ikipungua mu tanki, resori za nguvu zinafunga magurudumu ya nyuma. Kamwe musifungue zile resori wenyewe: zinaweza kuua. Mupelekee fundi mwenye anazijua.

KUTENGENEZA

Fleksibo: haitengenezwe, inabadilishwa. Ukibadilisha ya kushoto, badilisha na ya kuume, maana zimezeeka pamoja. Kwa bei yenye tulilipa siku ile, fleksibo mbili zilikuwa chini ya ile tulilipa kamyo ya kuhamisha viazi.

Pistoni na silinda ndogo: kama kutu ni kidogo, fundi anasafisha na kutia mipira mipya. Kama chuma imechimbika, inabadilishwa nzima.

Etriye ya diski: mara nyingi pistoni iko muzima, ni vyuma vyenye etriye inatelezea ndivyo vimekauka. Vitoshwe, visafishwe mupaka vingae, vipakwe grisi ya freni yenye kuvumilia joto. Grisi ya rulema ao mafuta ya kupikia haifae: inayeyuka, na inaharibu mipira.

Tamburi: tosha udongo, angalia resori kama hazijalegea, angalia kama garnitiri hazijaisha upande mumoja. Wakati wa kukaza, kaza mupaka gurudumu lisimame, kisha rudisha polepole mupaka lizunguke na sauti ndogo tu. Mafundi wengine wanasahau kurudisha, na gari inatoka mu garaji ikiwa tayari inakamata.

Vumbi ya freni: musipulize na musikombe ikiwa kavu. Garnitiri za zamani zinaweza kuwa na amianti, yenye inaharibu mapafu. Lowesha kwanza na maji yenye sabuni, tamburi ikiwa imepoa.

Mafuta: tumia DOT 3 ao DOT 4, vile imeandikwa ku kifuniko. Nunua chupa yenye haijafunguliwa. Chupa yenye ilibakia wazi mu garaji musimu muzima imekunywa maji. Kila miaka miwili, badilisha mafuta yote. Kutosha hewa ni kazi ya watu wawili, na kwa magari mengi tunaanza na gurudumu lenye liko mbali na metresilinda. Chunga kopo isiishe mafuta katikati ya kazi, kama sivyo hewa inaingia upya.

KAMA INATOKEA NJIANI

Punguza vitesi, tafuta fasi ya sawa karibu ya watu, simama, tia mawe ku magurudumu. USIMWANGE MAJI. Chuma yenye iko moto sana ikipata baridi ya gafula inapasuka ao inapinda. Acha ipoe yenyewe, na itaomba nusu saa ao zaidi.

Ikikuwa imepoa na mukiona ni mafuta yamefungwa, kufungua vise kidogo kutaachilia gurudumu. Mufunge vise, muongeze mafuta, mushushe muzigo, muende polepole mupaka ku garaji ya karibu. Lakini mujue: kila mara shoferi atakanyaga, gurudumu litakamata tena. Ni ya kutosha gari mu fasi mbaya ku barabara ya sawa. Kwa muteremuko kama wa Kabasha, hapana.

Na kuna jambo lenye nimeona na lenye ninaomba liishe: kukunja bomba ya freni na kuipiga nyundo kusudi gurudumu moja lisipate mafuta. Gari itatembea, ni kweli. Lakini ukikanyaga kwa nguvu, itaruka upande mumoja. Ukiona bomba yenye imekunjwa, usipakize hata gunia moja.

PIKIPIKI PIA

Wengi wenu munabeba kakao na kahawa ku pikipiki. Freni ya nyuma ya tamburi inakamata kwa sababu tatu. Ya kwanza ni udongo. Ya pili ni kame, kile chuma chenye kinafungua garnitiri: kikikauka, hakirudi. Kitoshe, kisafishe, kipake grisi kidogo sana, isifike ku garnitiri. Ya tatu inashangaza watu: ukikaza sheni, unavuta gurudumu nyuma, na fimbo ya freni inakazika yenyewe. Kisha kukaza sheni, legeza freni kila mara. Pedali inapaswa kuwa na muchezo wa sentimeta 2 ao 3.

SIKU ZA VILMORTE

Mu miji yetu gari inaweza kulala siku mingi bila kutembea. Ikilala mu mvua na freni ya mukono imevutwa, garnitiri zinashikana na tamburi kwa kutu. Kama munajua gari haitatoka, muiweke ku fasi ya sawa, mutie vitesi ya kwanza, muweke mawe, na muachilie freni ya mukono. Kisha kuvuka maji ao matope mingi, shoferi akanyage freni polepole mara kadhaa ili ikauke.

KAZI YA KOMITE

Yenye nimeeleza mupaka hapa, fundi muzuri anaijua. Lakini gari yetu haikukufa Kabasha juu ya kukosa fundi. Butembo kuna mafundi kila kona. Ilikufa kwa sababu mutu mwenye alijua ugonjwa hakuwa na ruhusa ya kusimamisha gari, na wenye walikuwa na ruhusa tulikuwa tunafikiri kabichi. Na haraka yetu haikuwa ya bure. Kahawa nyekundu inapaswa kupita mu mashini siku ile ile ya kuvunwa, na kakao mbichi inapaswa kuingia mu sanduku ya kuchachuka bila kukawia. Lakini saa mbili za garaji mu muji zingetufikisha Beni siku ile ile. Pale Kabasha tulipoteza usiku muzima.

Nilisimama mu mukutano wa pili, nikasema vile ilikuwa: shoferi alituonya Butembo, na miye ni mumoja wa wenye walimunyamazisha. Haikupendeza, lakini wanamemba walikubali. Shoferi alirudishiwa mushahara wake. Kisha mama mumoja, mwenye kabichi zake zilikuwa juu kabisa ya ule muzigo, akauliza: "Kama angekataa kutoka siku ile, si tungemufukuza?" Hakuna mutu alijibu. Kisha ulizo lake, wanamemba walipanga mambo matatu:

1. Shoferi akisema freni si muzima, gari haitoke. Hakuna mutu wa komite mwenye anaweza kumulazimisha, na hatakatwa feza juu ya kusimama.

2. Kila safari, nauli ya gunia moja inaingia mu mukebe wa gari. Feza hiyo inatumika kwa freni, pine na volani, si kwa kitu kingine.

3. Kuna kaye mu gari. Shoferi anaandika tarehe, gurudumu gani lilipata joto, nini ilibadilishwa na bei yake. Mutunza feza anaisoma mbele ya kila mukutano.

Tangu siku ile kaye imesimamisha gari mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa resori moja tu. Mara ya pili haikukuwa kitu, ni jiwe dogo lilikuwa linakwaruza tamburi. Wengine walilalamika kwamba tumepoteza saa moja. Yule mama akawaambia: "Saa moja? Miye nilipoteza kabichi zote."

Mu mukutano wenu wenye unakuja, wekeni ulizo lake ku ajenda: shoferi wetu akikataa kutoka, tutamufanya nini? Mujibu mbele ya gari kupakizwa.